Kusaka Upepo Unaovuja

Gari la kuishi la dizeli, lile basi refu lenye kitanda, jiko na bafu ambalo wastaafu wengi wa Marekani huzunguka nalo nchini mwao, husimamishwa na breki za upepo kama zile za malori na mabasi ya abiria. Injini iko nyuma. Kompresa inayoendeshwa na injini hiyo husukuma upepo kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha upepo huingia matangini. Dereva akikanyaga pedali, upepo huenda hadi kwenye mabusta yaliyo karibu na magurudumu na kusukuma wenzo unaobana lainingi kwenye ngoma. Mtambo ni uleule. Kinachotofautiana ni maisha. Lori hutembea kila siku hadi vipuri vyake viishe kwa kazi. Gari la kuishi linaweza kuegeshwa miezi sita, mipira ikakauka, ngoma zikaota kutu, maji yakatuama matangini. Ndiyo maana ubovu wake mara nyingi ni wa kuvuja kidogokidogo, na kuutafuta kunadai utulivu kuliko nguvu. Ni fani isiyopewa sifa yake. Anayeijua hutatua kwa geji, saa na sikio kile ambacho mwenzake hukihangaikia kwa kununua vipuri vitatu visivyohitajika.

George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo za treni mwaka 1869. Katika mfumo wake wa kwanza, mpira ukikatika breki zilipotea. Mwaka 1872 aligeuza mambo: upepo ukipotea, breki zifunge zenyewe. Magari makubwa ya barabarani yamelirithi wazo hilo kwa njia yao. Ndani ya mabusta ya nyuma mna springi nene, na upepo ndio unaoizuia ili gari litembee. Dereva akivuta kitufe cha njano cha hendibreki, upepo hutoka na springi hufunga breki. Kwa hiyo gari linalogoma kuondoka asubuhi huenda breki zake ni nzima kabisa. Limekosa upepo tu, na linafanya lile lililoundiwa kufanya. Fundi mzuri huanza kwa kutenganisha ubovu na ulinzi.

Hatua za mwanzo hazihitaji spana. Magurudumu hukingwa kwa magogo, injini huwashwa, na macho hubaki kwenye geji, ambayo ina mishale miwili kwa sababu mfumo umegawanywa njia mbili, kila moja na tangi lake. Shinikizo linapaswa kupanda kutoka paundi 85 hadi 100 kwa inchi ya mraba ndani ya sekunde 45. Likifika karibu paundi 125 gavana huipumzisha kompresa, na draya hutoa mkoromo mfupi inapotema maji. Injini huzimwa na hendibreki huachiwa. Kwa gari moja lisilo na tela, mshale haupaswi kushuka zaidi ya paundi 2 kwa dakika. Pedali ikishikiliwa chini, si zaidi ya 3. Kisha pedali hukanyagwa na kuachiwa mara nyingi ili upepo uishe: kengele ya tahadhari ilie karibu na paundi 60, na kitufe cha njano kiruke chenyewe kati ya 45 na 20.

Vipimo hivyo vinachukua dakika chache, lakini vinakata tatizo vipandevipande. Mshale mmoja ukishuka peke yake, nusu nzima ya mfumo imeondolewa mashaka. Upepo ukipungua pale tu pedali inapokanyagwa, uvujaji uko upande wa mabusta au mipira yake, si matangini. Kompresa ikijaza polepole ilhali hakuna kinachovuja, macho yanageukia kichujio cha hewa, gavana, au bomba la kutokea lililozibwa na masizi. Wengi hurukia kompresa kwa sababu ndiyo kipuri kikubwa na cha bei. Ni haraka isiyo na faida.

Baada ya hapo ndipo sikio na maji ya sabuni huingia kazini. Kuna kisa kimoja kinachowapima mafundi kuliko vingine: upepo unaotoka mfululizo kwenye tundu la valvu ya rilei, ile inayogawa upepo kwa mabusta ya nyuma. Povu linaonekana pale, sauti inasikika pale, na valvu mpya hununuliwa. Ikishafungwa, upepo unaendelea kutoka vilevile. Dawa ni kuvuta kitufe cha njano na kusikiliza. Sauti ikikoma hendibreki inapofungwa na kurudi inapoachiwa, valvu haina kosa. Sili ya katikati ya busta mojawapo imechakaa. Upepo unaoizuia springi unapenya kwenye chumba cha breki ya mguu, unarudi kinyumenyume katika mpira wake, na kutokea kwenye tundu la rilei kwa kuwa hauna mlango mwingine. Ili kujua ni busta lipi, mipira ya breki ya mguu hufunguliwa kwenye mabusta, mmoja baada ya mwingine, hendibreki ikiwa imeachiwa na magogo yakiwa mahali pake. Busta linalopuliza ndilo bovu. Hapa ndipo uzuri wa kazi hii ulipo: mahali upepo unapotokea na mahali ulipopotelea vinaweza kuachana kwa mita kadhaa, na kuviunganisha ni kazi ya akili kabla ya kuwa ya mikono.

Gari la kuishi lina mtego mwingine. Mengi hubebwa na mito ya upepo badala ya springi za chuma, na upepo huohuo huweza kutumiwa na honi au kiti cha dereva. Gari likiamka limeinama kona moja, mto wa kona hiyo, mpira wake au valvu ya kusawazisha kimo ndivyo vya kushukiwa kwanza. Ni katika kuvikagua vitu hivyo uvunguni watu wamepoteza maisha. Mto ukiishiwa upepo, tani kadhaa hushuka bila taarifa, kwa hiyo hakuna anayeingia uvunguni kabla ya stendi za chuma kusimikwa chini ya chesisi.

Geji nayo husema nusu tu ya habari. Matangi yanaweza kujaa na breki zisishike. Kwa busta la kawaida la namba 30, wenzo ukitoka zaidi ya inchi 2 pedali inapokanyagwa kwa shinikizo la paundi 90 hadi 100, breki imelegea. Ngoma ikipata moto hutanuka na kuuongeza mwendo wa wenzo huo. Ndiyo hatari inayomkabili mstaafu anayeshuka milima ya Colorado na dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga nchini Tanzania. Tangu 1994 magari mapya ya breki za upepo Marekani hutakiwa kuwa na slaki, yaani virekebishi vya breki, zinazojirekebisha. Slaki ya aina hiyo ikikutwa imelegea, kuikaza kwa mkono ni kuficha ugonjwa: ama yenyewe imekufa, ama bushi na pini zake zimelika.

Busta la springi halifunguliwi kamwe kwa udadisi, kwani springi iliyobanwa humo ina nguvu ya kuua. Springi hiyo hubanwa kwa bolti yake maalumu, na busta likiwa bovu hubadilishwa. Baada ya matengenezo, kipimo cha kuvuja cha dakika moja hurudiwa tangu mwanzo kabla gari halijarudi barabarani.

Matangi nayo yana la kusema, tena bila gharama. Yakitoa maji mengi, kichujio cha draya kimechoka. Yakitoa mafuta mengi, pete za kompresa zinapitisha. Magari mengi ya aina hii yana kamba za kumwaga maji yake, na mwenye gari ambaye hajawahi kuzivuta aanzie hapo kabla ya safari ijayo.