Kweli na Kusadikika: Tuitazamapo Filamu ya Kutoroka Gerezani

Sisi tufundishao fasihi tumezoea kuulizwa na wanafunzi, "Mwalimu, haya ni kweli?" Ndivyo tulivyoulizwa hapa Quionga tulipoitazama pamoja nao filamu iitwayo Escape from Pretoria, iliyoongozwa na Francis Annan na kutolewa mwaka 2020. Tulijibu upesi kwamba ni kweli, maana watengenezaji wameitangaza hivyo. Baadaye tulitambua kuwa jibu letu lilikuwa la kivivu.

Kisa chenyewe kilitokea Afrika Kusini. Tim Jenkin na Stephen Lee walifungwa mwaka 1978 kwa kueneza maandishi ya chama cha ANC, kilichokuwa kimepigwa marufuku. Tarehe 11 Desemba 1979, wao pamoja na Alex Moumbaris walitoroka gereza la Pretoria kwa funguo za mbao zilizochongwa humo humo gerezani. Jenkin na Lee walipitia Swaziland hadi wakafika huku kwetu Msumbiji.

Funguo za mbao kufungua vitasa vya chuma! Mwanafunzi angebuni jambo hilo katika insha, tungemsahihisha kwa wino mwekundu. Kwa nini basi tunasadiki? Si kwa sababu ya tangazo. Tunasadiki kwa kuwa filamu inatuonyesha kazi: jicho linalopima ufunguo uning'iniao kiunoni mwa askari, mbao inayochongwa kwa siri, jaribio linaloshindwa na kurudiwa. Tunauona mpini wa ufagio ukigeuzwa chombo cha kufungulia mlango kwa nje, kupitia dirishani. Hatimaye mlango wa mwisho unakataa kila ufunguo, ikabidi uvunjwe. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Mwongo angeuacha ufunguke.

Hata hivyo, kasoro ipo. Moumbaris hayumo katika filamu; mahali pake amewekwa Leonard Fontaine, mhusika wa kubuni. Mtazamaji asiyekijua kisa hatashtuka, kwani Fontaine anasadikika vema. Hapo ndipo penye somo: kusadikika ni kazi ya ufundi, kweli ni haki ya watu waliotenda. Filamu hii imefaulu katika la kwanza, na katika la pili imepunguza. Afadhali Denis Goldberg amebakiwa na jina lake. Yeye alimshughulisha askari wa zamu wenzake wakatoka, naye akabaki kifungoni hadi mwaka 1985.

Jambo hili lina uzito kwetu. Katika mwambao huu wa Cabo Delgado wangali wako wazee wakumbukao vifungo vya zama za Mreno, aliyeifanya hata ngome ya Ibo kuwa gereza. Vijana huwasikiliza, kisha hucheka pembeni wakidhani wametiliwa chuku. Yamkini kosa si la wazee, bali letu tusiowafundisha vijana namna ya kuuliza.

Tunawashauri walimu wenzetu wawatume wanafunzi kwa wazee hao wakiwa na maswali ya kifundi: mlango ulifungwaje, chakula kilipitishwa wapi, nini kilijaribiwa kikashindikana, nani alibaki nyuma? Majibu yaandikwe, na majina yawekwe kama yalivyo, kwa ridhaa ya wenyewe. Tusipofanya hivyo, siku moja watakuja watengenezaji wa filamu, nao watampa mzee wetu jina la Fontaine.