Bondi, Bandi na Kishikizo: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Istilahi haihukumiwi kwa mlio wake, bali kwa uaminifu wake kwa dhana inayoitaja. Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, Kiswahili kina hazina ya kuhakikiwa. Mfano mmoja watosha: bondi ya haidrojeni.

Katika molekuli ya maji, haidrojeni imeungwa na oksijeni yake kwa nishati ya kilojuli 460 hivi kwa moli. Lakini haidrojeni hiyo hiyo huvutwa pia na oksijeni ya molekuli jirani, kwa kilojuli 20 hivi tu. Mvuto huo wa pili, maji yakiwa ya majimaji, hukatika na kuungika upya mara nyingi mno katika nukta moja. Mambo haya mawili yote huitwa bondi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba maji yakichemka bondi hukatika ana haki ya kudhani kuwa haidrojeni imeachana na oksijeni yake. Kiingereza chenyewe kina utata huo. Aliyekopa neno amekopa na utata wake.

Fundi cherehani wa Malindi hana utata huo. Yeye hushikiza kwanza, kisha hushona. Kushikiza ni kupiga bandi, yaani nyuzi za muda zinazofumuliwa bila kuharibu nguo. Neno bandi lingefaa, lau halikuachana na bondi kwa irabu moja tu, hatari kwa msomaji na kwa mpiga chapa. Kishikizo ni salama zaidi.

Lipimwe neno hilo kwa mambo ya mwambao wenyewe. Katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, jua na upepo hufumua vishikizo vya maji, molekuli zikapaa nzima nzima, chumvi ikabaki, mshono haukuguswa. Hali kadhalika Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wameendesha utafiti tangu 1989: katika maabara za vinasaba, DNA hupashwa joto la nyuzi 95 hivi ili nyuzi zake mbili ziachane. Vishikizo viwili vya kila jozi ya A na T, na vitatu vya G na C, hufumuka. Uti wa kila uzi husalia mzima. Bila tofauti hiyo, kazi yote haielezeki.

Mpinzani ana hoja. Fasili ya IUPAC ya mwaka 2011 hudai ushahidi wa kuungana, na vishikizo vingine vina nguvu kubwa kuliko vya maji. Ni kweli, wala kishikizo hakidai kwamba pande mbili hazikuungana. Kinadai tu kwamba muungano huo si mshono. Aidha, bondi inaweza kubaki kuwa jina la jumla, kishikizo kikawa jina la aina hii.

Shule za sekondari za Kenya hufundisha kemia kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili huitwa pale tu mwalimu anapotaka kufafanua lililoshindikana. Istilahi inayorudia utata wa lugha ya kwanza haina kazi mahali hapo. Inayotakiwa ni ile inayofafanua kabla mwalimu hajaanza kueleza.