Mtiifu Uani, Kiziwi Barabarani

Uani mbwa akiambiwa "kaa", anakaa. Lango likifunguliwa, bodaboda ikapita na kuku wa jirani wakakatiza njia, amri ileile hurudiwa mara tano na mbwa hata hageuki. Wengi huuita huo ukaidi, na dawa ya kwanza inayokumbukwa ni fimbo. Kifundi, ukaidi haupo hapo. Mbwa huyo hakujifunza "kaa" peke yake. Alijifunza "kaa" pamoja na ua ule, saa ile ya jioni, mkono ule ulioshika chakula na utulivu ule. Hivyo vyote vikiondoka, neno hubaki kelele kama kelele nyingine za mtaani.

Jambo hili lilimsumbua hata Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, kisha akavuma zaidi kwa mbwa waliotokwa na mate kila waliposikia ishara ya mlo. Wasaidizi wake walikuwa wakimzoeza mbwa ishara mpya, wakiridhika humwita mwalimu aje ajionee. Akishaingia tu chumbani, kazi inaharibika: mbwa anamgeukia mgeni, anamkodolea macho, na mate hayatoki. Pavlov alitambua kwamba kila jambo geni humlazimisha mnyama kuuliza "ni nini hicho?", na swali hilo huzima kwa muda lile alilojifunza karibuni. Mwishowe alijengewa huko St. Petersburg maabara yenye kuta nene na handaki pembeni, ili kelele na mitikisiko ya mji isiwafikie mbwa wake.

Mfugaji wa Kinondoni au Kisumu hana maabara ya namna hiyo, na angekuwa nayo isingemfaa, kwa sababu anataka mbwa atii mtaani. Kwake kazi ni kinyume: kuuingiza mtaa ndani ya somo, kwa kipimo.

Kipimo cha kwanza ni umbali. Kuku aliye mita 30 na kuku aliye mita 3 ni vishawishi viwili tofauti. Kumsogelea au kumwepuka ni sawa na kuongeza au kupunguza sauti ya redio. Somo huanzia pale mbwa anapomwona kuku lakini bado anakusikia. Utapajuaje? Mtazame mdomo. Mbwa aliyetulia hupokea kipande cha maini kwa ncha ya midomo. Akianza kuzidiwa, hukinyakua kwa meno mpaka vidole vikuume. Akishazidiwa kabisa, kipande kinaanguka miguuni pake naye hana habari nacho: masikio yameelekea mbele, mdomo umefumba, uzito wote umehamia miguu ya mbele. Hapo kupaza sauti ni kupoteza pumzi. Rudini nyuma hatua kadhaa mpaka ale tena, ndipo useme "kaa", mara moja tu. Amri inayorudiwa mara tano humfundisha mbwa kwamba nne za kwanza si zake.

Umbali huenda na mambo mengine mawili: muda wa kukaa na ukubwa wa vurugu. Kanuni ya wakufunzi ni kuongeza moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka akae zaidi, kuku awe mbali kuliko jana. Ukimsogelea kuku, akae sekunde chache tu, alipwe na aachiwe. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale wanaotoka uani moja kwa moja hadi sokoni, wakapandisha vyote vitatu kwa siku moja.

Kamba ndefu, ya mita 10 hivi, haiepukiki katika hatua hii. Haikusudiwi kumvuta mbwa. Kazi yake ni kumzuia asijilipe mwenyewe. Mbwa aliyepuuza "njoo" akamkimbiza kuku mpaka juu ya ukuta ameshalipwa, tena malipo yanayoshinda maini yako. Kila mbio ya namna hiyo ni somo zuri, ila limefundishwa na kuku.

Hapo ndipo suala la malipo linapokuwa kiini cha ufundi wote. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga, lakini si lazima mkono ujae nyama. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, David Premack, aliwapa watoto peremende na mashine ya mchezo. Wale waliopenda zaidi mchezo walikula peremende nyingi zaidi pale kula kulipokuwa sharti la kuruhusiwa kucheza. Kwa ufupi, jambo linalopendwa zaidi laweza kuwa ujira wa lile linalopendwa kidogo. Mbwa anayelilia kunusa nguzo akae kwanza, akutazame, kisha aambiwe "haya, nenda!" Kuku hawezi kutolewa kuwa ujira, lakini mahali alipoparua panatosha, kuku mwenyewe akishaondoka. Taratibu kishawishi kinaacha kushindana nawe, kinageuka kitu kinachopatikana kwa kupitia kwako. Mbwa wa kunusa mizigo bandarini nao hufanya kazi katikati ya kelele na harufu za kila aina, na wengi wao ujira wao ni kurushiwa mpira tu.

Fimbo nayo ina hesabu yake. Mbwa anayepigwa huku macho yake yako kwenye bodaboda haunganishi maumivu na amri, huyaunganisha na bodaboda. Kesho ataanza kuifokea ikiwa bado mbali. Anayepigwa baada ya kuchelewa kurudi anajifunza kwamba kurudi kunauma.

Kwa hiyo mbwa asipimwe uani kwake. Mpeleke mahali asipopajua, penye kishawishi ambacho hamjakifanyia mazoezi, umwambie mara moja. Akitii, amri ameijua. Asipotii, amekuonyesha tu umbali wa kuanzia kesho.