Kuazima Hadithi ya Kale

Hadithi kuu za kale huazimwa na watungaji wa nchi nyingi, zikachezwa jukwaani au kuonyeshwa katika sinema. Watazamaji huuliza kama mwazimaji amekuwa mwaminifu kwa asili yake. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa tuulize pia: amebadili nini, na badiliko hilo limezaa fikira gani?

Tuutazame mchezo wa Mfalme Oedipus, uliotungwa na Sophocles wa Ugiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Oedipus alitabiriwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Akawakimbia waliomlea, akidhani ndio wazazi wake. Mahali njia tatu zinapokutana aligombea njia na mzee asiyemjua. Mzee akampiga, naye akamwua. Kumbe alikuwa baba yake mzazi.

Pier Paolo Pasolini wa Italia aliifanya hadithi hiyo kuwa sinema mwaka 1967. Picha nyingi alizipiga Moroko, lakini ugomvi aliuacha pale pale njiani. Aliurefusha tu: kijana hukimbia juani, hugeuka, akawaua walinzi mmoja mmoja. Macho hujaa hofu, lakini chanzo cha hasira ni kile kile.

Ola Rotimi wa Nigeria alithubutu zaidi. Mchezo wake, The Gods Are Not to Blame, maana yake miungu haina lawama, ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1968, nchi yake ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1967. Kwake ugomvi ni wa shamba. Mzee analitukana kabila la Odewale, na kijana anashindwa kuizuia hasira yake. Tazama uchungu wa jambo hili: kabila alilolitetea ni la walezi wake tu, kwa kuzaliwa, alikuwa wa watu wa mzee yule aliyemwua. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Hata hivyo, mchezo huu una ila. Utabiri umebaki kama ulivyokuwa kwa Sophocles, ukatolewa Odewale akiwa bado mtoto mchanga. Ikiwa maovu yalikwisha kutajwa kabla mtu hajajua kutenda, je, lawama yote ni yake? Rotimi hakulifumbua fumbo hilo. Lakini kwa kuuhamisha ugomvi kutoka njiani hadi shambani, aliwapa watazamaji wake kosa wanalolijua, na ambalo wangeweza kuliepuka.

Basi mtakapocheza hadithi ya kale shuleni, msitosheke kubadili mavazi na majina. Tafuteni ugomvi ambao watazamaji wenu wanaujua nyumbani kwao, kisha muutie mahali ambapo hadithi yenyewe inauhitaji.