Grupu la wazazi wa JKT: shahidi mzuri, msemaji mbaya

Kila mwaka majina ya vijana wa kidato cha sita wanaoitwa JKT kwa mujibu wa sheria yakitoka, simu za wazazi hapa Mwenge hazitulii. Siku hiyohiyo magrupu ya WhatsApp yanafunguliwa: wazazi wa Msange, wazazi wa Mafinga, wazazi wa Rwamkoma. Je, yanayosemwa humo yanaaminika?

Wengi watakujibu, "umbea mtupu." Hilo ni jibu la kivivu. Humo mna habari za aina mbili, na zinapaswa kupimwa tofauti.

Aina ya kwanza ni mambo ambayo mtu ameyaona. Mzazi aliyempeleka mwanawe Mafinga akikwambia baridi ya kule si ya mchezo, ongeza sweta, huyo ni shahidi. Hapo grupu linalishinda tangazo rasmi, maana tangazo litaandika "nguo za baridi" na kuishia hapo. Ila shahidi naye anachakaa: mafunzo haya yalisitishwa 1994 yakarudishwa 2013, kwa hiyo baba aliyepita JKT miaka ya 80 anakusimulia JKT ya zama zake.

Aina ya pili ni maamuzi ya wakubwa: tarehe ya kuripoti imesogezwa? Kambi inabadilishwa? Hapa hakuna aliyeona chochote. Kuna "nimeambiwa" tu.

Mwaka 1947 wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman walieleza kwamba uvumi unakua kwa kuzidisha vitu viwili: uzito wa jambo kwa mhusika, na ukungu wa taarifa zake. Kimoja kikiwa sifuri, uvumi haupo. Sasa mwangalie mzazi wa JKT: mtoto kapanda basi kwenda mkoa ambao hajawahi kufika, na hapatikani kwenye simu kama zamani. Vyote viwili viko juu. Yaani wazazi si wajinga. Wana hofu na hawana taarifa.

Ninacholaumu ni tabia ya kuhesabu sauti. "Watu kumi wamesema" inasikika kama ushahidi. Mfaransa Condorcet alionyesha mwaka 1785 kwamba wengi huwa sahihi kuliko mmoja, lakini kwa masharti: kila mtu awe na uwezekano wa kupatia unaozidi nusu, na aamue mwenyewe bila kunakili. Kwenye grupu, sauti kumi mara nyingi ni ujumbe mmoja uliofowadiwa mara kumi. Na sisi wa Mwenge tuna mtego wa ziada: Lugalo iko jirani, Mlalakuwa iko jirani, kila mtu ana "mjomba yuko jeshini". Mjomba anaweza kuwa mwanajeshi kweli, lakini siyo yeye anayepanga orodha ya JKT.

Kuchanganya aina hizi mbili kuna gharama. Tapeli akiingia kwenye grupu, hana haja ya kusema chochote, anasoma hofu zenu, halafu anakufuata pembeni: "Nina afande anahamisha kambi, tuma laki mbili." JKT yenyewe imeonya mara nyingi kuhusu matapeli. Au mzazi wa kijana mwenye ulemavu anashauriwa "mwache tu aende na wenzake", wakati wito wa JKT wa miaka ya karibuni unaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, yenye miundombinu kwa ajili yao. Hapo anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo usijitoe kwenye grupu. Uliza swali moja tu: "Umeona mwenyewe, au umeambiwa?" Akiwa ameona, mshukuru na ufuate. Akiwa ameambiwa, fungua tovuti ya JKT kabla hujatuma hata shilingi. Na JKT nao wana sehemu yao: swali la wazazi likijibiwa mapema na hadharani, ukungu unapungua, na tapeli anakosa pa kujificha.