Kiti cha Dubu Mdogo: Zana za Mkono katika Mafunzo ya Lugha

Mtoto hajifunzi lugha kwa maneno matupu. Neno jipya lisipopata kitu cha kushikana nacho, humponyoka kabla jua halijatua. Kwa sababu hiyo tumekusudia kukitazama kipindi cha televisheni kiitwacho Salsa, kilichotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jimbo la Georgia, Marekani, ili kuwafundisha Kihispania watoto wa madarasa ya mwanzo. Masomo yake ni 42, na kila somo huchukua kama dakika 15. Wasemaji wake ni vikaragosi, na visa vyake ni ngano mashuhuri, kama ile ya dubu watatu.

Ngano hiyo, ambayo Robert Southey aliichapisha Uingereza mwaka 1837, ni ghala la zana. Mna mabakuli matatu ya uji, viti vitatu na vitanda vitatu, kila kimoja kwa kimo cha mwenyewe. Mtoto aonapo kiti kikubwa, cha kadiri na kidogo vimepangwa mbele yake, hana haja ya kufasiriwa sifa hizo. Jicho limekwisha kumfasiria. Tena dubu hao hurudia lalamiko lile lile, mmoja baada ya mwingine. Sisi tunaotunga mashairi twaujua uwezo wa kibwagizo: kisikiwacho mara tatu, mara ya nne huitikiwa bila ya amri.

Ubora wa zana kama hizi haumo katika bei yake. Kermit, kikaragosi aliyepata sifa kubwa katika Sesame Street kuanzia mwaka 1969, alishonwa na Jim Henson mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho yake yalikuwa mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu. Kitu chenye alama za mkono humwambia mtoto kwamba naye aweza kukiunda, na akiundapo hukitaja.

Hata hivyo tuna lawama mbili. Kwanza, televisheni husema lakini haisikii. Mtoto akikosea, kikaragosi huendelea na maneno yake. Pili, mzaha wa vikaragosi waweza kulishinda neno, darasa likabaki na kicheko tu. Dawa ya yote mawili ni mwalimu mwenye zana mkononi.

Hapa ndipo faida yetu ilipo. Katika Kihispania kiti kidogo ni silla pequeña, na sahani ndogo ni plato pequeño. Sifa hufuata jinsia ya jina. Kiswahili hufuata ngeli: kiti kidogo, bakuli dogo, sahani ndogo. Sifa ni moja, sura ni tatu. Na kiti kile kikivunjika, kama kivunjikavyo katika ngano, kitenzi nacho hujifunzwa papo hapo. Jedwali la ngeli ubaoni huonyesha kanuni. Vitu vitatu mezani huifanya kanuni hiyo isemwe.

Basi walimu na wanafunzi wasingoje makasha kutoka ng'ambo. Udongo wa mfinyanzi upo, vifuu vya nazi vipo, mabua na maboksi makuukuu yapo. Dubu na awe Fisi, uji na uwe wa mtama. Tukiikosa kazi hii, hatutakuwa tumekosa vifaa. Tutakuwa tumekosa nia.