Meza Inayoanzia Juu

Kwa kawaida seremala huanza na miguu na fremu, na ubao wa juu huja mwisho, ukatwe kwa kipimo cha fremu. Mwenye kipande cha jiwe kilichobaki hana uhuru huo. Jiwe limekwisha kukatwa kwa ajili ya kazi nyingine, pengine na kona moja imemeguka, na sasa mbao ndizo zitakazolifuata. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Nyanda za Juu Kusini zina vyote viwili, jiwe na mbao, na barabara kuu iendayo Zambia inavipitia. Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, chemchemi za majimoto zimetandaza chokaa tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, ikawa marumaru yenye michirizi na vitobo vidogo. Mufindi, mkoani Iringa, lipo Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini, na paina yake imejaa katika magenge ya mbao ya Mafinga. Lakini kipande chenyewe hakitoki machimboni. Hutoka jikoni kwa mtu: mwenye nyumba ameagiza slabu ya kaunta, fundi akakata nafasi ya sinki, na kilichotolewa katikati kikaegemezwa ukutani mwa karakana. Wachonga mawe ya makaburi nao hubakiza vipande, ingawa kwa hivyo wapo wateja wanaoona heri wasiulize vilikotoka.

Granaiti yenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Kipande cha sentimita 60 kwa 100, basi, kinapita kilo 32. Mzigo huo hauishindi paina. Tatizo ni tabia ya jiwe: huvumilia kugandamizwa, halivumilii kupindwa. Ubao ukiwekwa juu ya fremu iliyokwenda upande hulegea kidogo ukaifuata. Jiwe hukaa juu ya kona tatu na kungoja. Siku mgeni akiegemea kona ya nne, linapasuka. Kwa hiyo fundi hupitisha randa, anaweka pima maji, anapitisha tena, anachungulia mwanga chini ya rula, na anaongeza mataruma ya kulibeba jiwe katikati. Kazi yote hiyo itafunikwa, hakuna atakayeiona. Mimi naihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Miguu nayo isipigiliwe misumari tu. Meza yenye uzito juu huyumba ikisukumwa, na kila ikiyumba msumari hupanua tundu lake. Ulimi wa mbao uliochongwa ukaingia barabara kwenye tundu lake, ukapakwa gundi, hauna mchezo huo. Chuma cha kuchomelea ni rahisi zaidi, sikatai, lakini hakimdai fundi kiasi hiki.

Kisha kuna subira. Mbao mbichi ni nafuu na hupatikana mara moja, ila paina ikikauka husinyaa kwa upana wake, na jiwe halisinyai. Anayejua huzipanga mbao kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, na huziacha hata mteja akinuna. Tena haligandishi jiwe lote kwenye fremu. Matone machache ya silikoni yanatosha, nayo huruhusu mbao ijongee.

Marumaru ya Songwe ipelekwe sebuleni, maana ni chokaa, na limau au siki huila ikaacha mabaka. Granaiti iende jikoni: ni baridi, na unga wa chapati hausukumiki vizuri popote kama juu yake.

Nawe ukiagiza meza ya namna hii, usiende kuiona siku ya kuichukua. Nenda mapema, kabla ya vanishi na kabla ya jiwe kuwekwa, umwombe fundi akuonyeshe fremu ikiwa tupu. Aliyeifanya vizuri atafurahi kuulizwa.